Dogo anayeanza kutengeneza websaiti achaji au afanye bure? Mimi nimepita njia zote mbili, karibuni tujadili

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Kuna dogo wa mtaani kwetu hapa Tabata, kamaliza chuo mwaka jana, kazi hajapata ila ametulia na laptopu yake anajifunza kutengeneza websaiti na kwa kweli anajituma. Jumapili kaja kwangu hana raha. Kuna mama ana duka la vitambaa na kushona magauni ya sendoff, kaona vitu dogo alivyokuwa anafanyia mazoezi, kamwambia mwanangu nitengenezee na mimi, niambie tu shilingi ngapi. Dogo kashindwa kutaja bei, kaaga kwamba atarudi. Ananiambia "kaka mimi bado najifunza, naona aibu kuomba hela ya watu, si nimfanyie tu bure nipate jina?"

Nikamwambia chaji. Kanikodolea macho kama nimemwambia akaibe. Basi nikamweleza kilichonikuta, na nimeona nikilete na hapa maana najua wako wengi wenye aibu kama ya kwake.

Mimi nilianza 2017. HTML na CSS, zile lugha za kuandikia kurasa za websaiti, nilijifunzia bando la usiku, nalala saa kumi alfajiri, halafu nikaijua WordPress, programu ya kujengea websaiti, nikaona hapa ndipo penyewe, kitu kipo tangu 2003, unakichukua bure, na zaidi ya asilimia 40 ya websaiti duniani zinaendeshwa nayo. Kazi ya kwanza nikapata kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya binafsi, tunasali naye kanisa moja. Nikasema nafanya bure, nijenge jina. Domeini (jina la websaiti mtandaoni) nikalipia mimi, hostingi (mahali inapohifadhiwa) nikalipia mimi, tena domeini nimeisajili kwa jina langu na imeili yangu kwa sababu sikujua kama kuna ubaya wowote.

Nikaomba picha za madarasa, historia ya shule na ada. Njoo Jumatatu. Jumatatu naenda, nakaa kwenye benchi nje ya ofisi, naambiwa tuko kwenye mitihani, njoo wiki ijayo. Picha hazikuja ila maagizo yakawa yanakuja kila siku. Weka rangi ya kijani. Hapana weka ya damu ya mzee ifanane na sweta za watoto. Mwenyekiti wa bodi anataka picha yake iwe ya kwanza kabisa juu. Kuna shule jirani mzazi anaangalia matokeo ya mtoto kwenye simu, na sisi tuwekee. Sikuweza kukataa hata moja, na hapa ndipo nataka mnielewe vizuri: nilishindwa kukataa kwa sababu hatukuwahi kukubaliana kazi inaanzia wapi na kuishia wapi, na hatukukubaliana kwa sababu hapakuwa na hela mezani, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo. Ukitaja bei lazima mteja aulize napata nini kwa hiyo bei, ndipo mnakaa chini mnahesabu. Ukisema bure hakuna anayeuliza, kila mtu anajijazia kichwani kwake.

Nilipiga kazi miezi minne. Mwaka ulipoisha domeini ikatakiwa kulipiwa, mimi mfukoni sina kitu, nikawapigia mara tatu hawakujali, ikazima. Januari wazazi wanatafuta shule, napigiwa simu kwa ukali kwamba nimewafungia websaiti yao. Kanisani nikawa naonekana kijana msumbufu. Jina nililokwenda kulijenga kwa bure ndilo nililolibomoa.

Kazi ya pili ikawa ya mzee mmoja ana duka la spea za pikipiki Buguruni. Huyu nilimwambia laki moja na nusu, nimeitaja huku moyo unadunda. Hakubishana. Akachomoa nusu yake, noti saba za elfu kumi, na noti moja ya elfu tano, akazihesabu mara mbili juu ya kioo cha kaunta, kioo kina madoa ya oili na chini yake zimepangwa pete za pistoni, akanisogezea. Halafu akavuta kitabu cha risiti cha kwake yeye mwenyewe, akanipa peni, akasema andika umepokea kiasi gani, kwa kazi gani, na unamaliza lini. Peni iligoma kwenye "unamaliza lini". Sikuwahi kuulizwa hilo swali miezi yote minne ya ile shule. Nikaandika wiki tatu.

Kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi simu inalia mfululizo, mzee katuma WhatsApp picha zaidi ya arobaini, kila spea na bei yake, nyingine kapiga na kidole chake kimo. Mtu yule yule ningemfanyia bure ningemfuata miezi miwili. Hela yake ilikuwa ndani ndiyo maana aliikimbilia kazi.

Sasa msinielewe kwamba kuchaji ni raha tupu. Themu (muundo wa sura ya websaiti) niliyomwekea yule mzee ilikuwa ya kulipia, mimi nikaipakua kwenye saiti inayogawa za wizi. Miezi mitatu mbele ananipigia, kijana, mwanangu katafuta jina la duka Google kaletewa maandishi ya Kijapani. Nikaenda mbio. Kweli, ukibofya unapelekwa kwenye maduka ya ajabu ya viatu. Zile themu za wizi mara nyingi zinakuja na code (maandishi ya programu) imefichwa ndani, anayeijua anaingia kama kwake. Bakapu (nakala ya akiba) sina. Nilikaa siku sita narudishia kila kitu upya, picha moja moja, na sikudai hata shilingi. Mzee alisema neno moja tu, "nilikulipa, nitengenezee." Hakuna mahali pa kujificha hapo. Ingekuwa bure ningesema si ulipewa tu mzee wangu, vumilia. Kwa kuwa nilikula hela yake nilijua usalama wa websaiti ndani ya siku sita kuliko mwaka mzima wa kuangalia video.

Ndiyo maana nasema dogo achaji. Kidogo, kinachoendana na anachokiweza, lakini achaji. Karibuni.

#2 Mdau wa Mwanza

Mkuu nakuheshimu ila hapa napingana na wewe. Nani anamlipa mtu ambaye hajawahi kuona kazi yake? Mimi nilifanya tatu za bure kabisa, duka la dawa, saluni ya rafiki yangu na kikundi cha wavuvi, ya nne ndiyo nikalipwa na aliyenilipa alikuja kwa sababu aliiona ile ya saluni. Bila zile tatu ningekuwa bado nabeti tu kijiweni. Hata fundi gereji anaanza kwa kushika spana miaka miwili hapewi kitu zaidi ya hela ya kula.

#3 Mleta uzi

Mdau wa Mwanza umesema kitu kizito na sikipingi chote. Ila huyo kijana wa gereji ana fundi nyuma yake, akikaza nati vibaya fundi anakuja kuirudia, mteja anaondoka na pikipiki nzima. Dogo wangu hana fundi. Akimfanyia mama bure kisha ikaharibika, ni yeye peke yake na mama.

Kuhusu kazi za kuonyesha, hizo unaweza kuzitengeneza bila mteja. Tunga duka lako la kufikirika, lipe jina, piga picha vitu vya nyumbani, lipandishe GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, hulipii hata mia. Mama kamwamini dogo kwa kuona vitu vya mazoezi tu, hakuuliza vilikuwa vya nani.

Na kama moyo unakusukuma kufanya bure, fanya kwa unayemchagua wewe mwenyewe, msikiti wenu, kikoba cha mama yako, sawa kabisa, hiyo ni sadaka. Lakini hata sadaka iandike: kurasa nne, wiki mbili, domeini na hostingi wanalipa wenyewe. Unatoa nguvu zako, usitoe na mfuko wako. Zile tatu zako naomba nikuulize, domeini alilipa nani na leo ziko hewani?

#4 Mdau wa Mwanza

Duka la dawa ipo. Saluni ilikufa. Ya wavuvi nililipia mimi mwaka wa kwanza, sijui kama bado ipo. Nimekuelewa.

#5 Dada wa keki, Arusha

Naomba na sisi wateja tusikike maana mnaongea kama hatupo.

Mimi nauza keki, mwaka juzi nilimlipa kijana 350,000. Alinijia na maneno mengi, kafanya makampuni, kafanya mahoteli, nikamwamini. Websaiti ikaja, kwenye kompyuta yake inafunguka vizuri, kwenye simu ya mteja wangu inazunguka weee mpaka mtu anaghairi anarudi Instagram. Baadaye mtu mwingine akaniangalizia akakuta picha za keki kaziweka kama zilivyotoka kwenye simu, moja ina MB 7, na ukurasa wa kwanza una picha kumi na mbili. Mteja anakula bando lake lote kwa keki ambayo hajaagiza. Nikataka nimpigie arekebishe, kapata ajira, kabadilisha namba. Paswedi anazo yeye. Jina la websaiti limesajiliwa kwake. Jina la biashara yangu, nililolisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, kwa jasho langu, kwenye intaneti ni mali ya mtu ambaye hata simpati.

Nilichogundua baadaye ni kwamba ile ilikuwa kazi yake ya kwanza. Angeniambia tu dada mimi naanza, nina hiki na hiki naweza, hiki siwezi bado, ningempa hela vile vile, pengine laki na nusu, na ningemvumilia. Kilichoniuma ni kudanganywa. Mimi mwenyewe keki yangu ya kwanza ya kulipwa nilimwambia mteja ni ya kwanza, nikamuuzia nusu bei, na mpaka leo ni mteja wangu.

#6 Mleta uzi

Dada pole sana, na naomba kila kijana anayesoma huu uzi arudie hiyo posti yako mara mbili.

Mimi yale ya shule niliyafanya kwa ujinga lakini matokeo yalikuwa hayo hayo, jina la watu lipo kwangu. Siku hizi siandiki mstari hata mmoja kabla mteja hajafungua imeili yake, domeini inasajiliwa kwa jina lake na imeili yake, analipa yeye kwa simu yake mimi nimekaa pembeni namwelekeza. Paswedi zote namwandikia kwenye karatasi aweke anapoweka leseni yake. Siku nikiumwa au nikipata ajira Oman, fundi mwingine anaingia bila kunitafuta.

Picha nazo zipunguzwe kabla ya kupandishwa, kwa ukurasa wa kawaida ukiizidisha picha moja KB 200 jiulize kwa nini. Watu wetu wako kwenye simu na bando la kupima, mwenye wifi ofisini ndiye wewe dizaina peke yako.

Jambo jingine, vijana wanauza vitu vya bure kama vimetoka kwao. Kile cheti cha kufuli pale juu ya anwani, SSL, shirika la Let's Encrypt wanakitoa bure kwa kila mtu tangu 2015 mwishoni. Nimemuona mtu kamwandikia mteja laki nzima "cheti cha usalama". Mwambie ukweli, cheti ni bure, mimi nachaji kazi ya kukiweka na kuhakikisha kinajihuisha chenyewe. Atakulipa tu.

#7 Mdau wa Mombasa

Salaam ndugu zangu wa Bongo, mimi niko Kisauni, kazi hii nimeifanya mwaka wa saba sasa. Naongeza mawili matatu.

La kwanza, deposit ni lazima, nusu kabla hujagusa keyboard, asiyekuwa na nusu leo hatakuwa na nzima kesho. La pili, vijana wanafikiria bei ya kujenga tu na kusahau ile ya kila mwaka. Hiyo ndiyo inayoweka unga nyumbani. Kusasisha plagini (vile viongezeo vya websaiti), kuchukua bakapu kila wiki na kuiweka mahali pengine si sava ile ile (kompyuta inayohifadhi websaiti), kubadilisha bei za bidhaa. Mwambie mteja mapema kwamba websaiti ni kama gari, kuna kununua na kuna service, asije kusema umemficha. Mimi wateja kumi na wanne wa kila mwaka ndio wananilipia nyumba, kazi mpya ni za kuongezea.

La tatu, mkianza kuweka fomu za watu kujaza majina na nambari za simu mjue hapo mmeshika amana ya watu. Huku kwetu kuna sheria ya kulinda data tangu 2019, nanyi mnayo yenu. Anayeanza asikubali kazi ya kuweka matokeo ya wanafunzi ama rekodi za wagonjwa, hata alipwe vipi. Hiyo kazi amwitie mwenye uzoefu akae pembeni ajifunze.

#8 Mleta uzi

Kweli kabisa, yetu ni ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023. Namshukuru Mungu sasa kwamba ile sehemu ya matokeo ya watoto sikuiweza, maana nilikuwa naenda kuyaweka wazi yote kila anayepita aone, sikujua hata namna ya kuweka paswedi.

#9 Mdau wa Dodoma

Nyongeza fupi. Ukipata taasisi wataomba TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na watakukata withholding (kodi ya zuio) ya 5%. Vijana wengi wanataja bei bila kujua hilo halafu wanalia kwamba wamedhulumiwa. Ulizia kabla ya kutaja.

#10 Mdau mwingine

Sawa wakuu, yote nimeyasoma, ila hakuna aliyetaja namba. Dogo amwambie mama shilingi ngapi?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, jana usiku tulikaa naye tukapiga hesabu nyuma ya daftari, naiweka kama ilivyo.

Kwanza domeini na hostingi tumezitoa nje, mama analipa mwenyewe, haziingii kwenye bei ya dogo. Usichanganye hela ya saruji na hela ya fundi.

Halafu nikamuuliza una siku ngapi za kazi hapa, kwa ukweli wako? Akasema nne. Nikamwambia rudia, na kupiga picha, na kuzipunguza, na kumwonyesha mama, na kurekebisha akishaona. Akafika nane. Wakati mwingine dogo anashikia steshenari ya mjomba wake, anapewa elfu kumi kwa siku. Basi hiyo ndiyo bei ya siku yake kwa sasa, nane mara kumi, elfu themanini. Bando na nauli ya kwenda na kurudi dukani elfu ishirini. Mwezi mmoja baada ya kukabidhi wa kurekebisha kitakachoharibika, elfu ishirini. Jumla 120,000, nusu mwanzo.

Kwa hiyo hela mama anapata ukurasa mmoja mrefu, picha ishirini za magauni, kitufe cha WhatsApp, ramani ya kufika dukani. Hakuna mambo ya kununua na kulipia humo humo, dogo hajui bado na tumeandika hivyo hivyo, "malipo ya mtandaoni hayamo". Tukaongeza mstari wa kwamba hii ni kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Huo mstari aliugomea sana, anasema mama atamkimbia. Nikamwambia mwandikie, akikimbia njoo unilaumu mimi.

Mkuu wa Mwanza utasema ni ndogo, wa Mombasa atasema tunaharibu soko. Mimi naona bei ya chini inayoeleweka imetoka wapi haiharibu soko, kazi ya pili atapanda kwa sababu siku zake zitakuwa na thamani zaidi ya steshenari.

#12 Mdau wa Mombasa

Haijaharibu. Ameihesabu. Wanaoharibu ni wale wanaotaja tu.

#13 Dogo mwenyewe

Shikamooni wakubwa, nimejiunga leo, ndiye dogo anayezungumzwa hapa.

Nimetoka kwa mama sasa hivi. Nimemkuta anakata kitambaa, nikamsalimia nikampa karatasi, akaweka mkasi chini akavaa miwani akaisoma yote polepole mpaka nikaanza kutoka jasho. Alipofika pale pa kazi ya kwanza akaniangalia, akasema "hata mimi gauni langu la kwanza nililikata mkono mmoja mfupi." Hakusema zaidi. Akauliza kwa nini mwezi mmoja wa kurekebisha wakati sendoff nyingi ni Desemba, weka miwili. Nilitaka kusema sawa mama hamna shida, nikakumbuka stori ya shule, nikasema mama miwili itaongezeka elfu kumi. Akasema haya. Imekuwa 130,000, kanitumia 65,000 kwenye simu hapo hapo halafu akaniambia niandikie risiti. Sikuwa na kitabu nikaandika kwenye karatasi ile ile tukasaini wote wawili.

Domeini na hostingi tunalipia kesho kwa simu yake. Picha kaniambia kesho saa nne magauni yote yatakuwa yametundikwa. Tatizo dukani ni giza, kuna taa moja ya njano na mbele kuna turubai la bluu, nimejaribu kupiga moja hapa gauni jeupe limetoka la bluu. Nifanyeje?

#14 Dada wa keki, Arusha

Hongera mdogo wangu. Usipigie chini ya turubai na hiyo taa izime. Saa nne jua lishakuwa kali, mwombe mama muanze saa moja na nusu, utundike nje upande wenye kivuli, nyuma weka shuka jeupe lililopigwa pasi. Gauni jeupe weka nyuma yake kitambaa cha rangi, anavyo tele dukani. Na futa kioo cha kamera ya simu kwanza.